Kopulingi ya stelingi: usidanganywe na pawa

SWALI: Nina lori la zamani lenye pawa stelingi. Raba ya kopulingi (kiungo cha shafti), pale shafti ya usukani inapoingia kwenye stelingi boksi, imepasuka na usukani unacheza. Niweke raba tena au jointi ya krosi (ya chuma, yenye msalaba katikati)? Fundi wangu anasema tuchomelee tu, maana kazi yote inafanywa na pawa.

JIBU: Chagua baadaye. Kwanza tumalizane na huyo fundi, kwa sababu maneno yake nayasikia kila uchao.

Pawa inafanya kazi ndani ya boksi, ambamo mafuta yenye presha husukuma pistoni. Kopulingi iko kabla ya boksi, upande wa mikono yako. Injini ikiwaka, inapitisha nguvu kidogo tu, ya kufungua vali, na hapo fundi wako ana ukweli wa nusu. Mkanda wa pampu ukikatika, au injini ikizimika mteremkoni, magurudumu yatageuzwa na mikono yako peke yake, na nguvu hiyo yote itapita kwenye kopulingi. Huko ndiko anakotaka kuweka welding.

Moto wa welding huharibu ugumu wa chuma cha shafti, na ufa hupenda kuanzia pembeni mwa mshono. Tena kabini na chasisi havitikisiki pamoja. Kopulingi imewekwa hapo imeze tofauti hiyo. Ukiifanya chuma kimoja, mtikisiko unahamia kwenye beringi za usukani na sili ya boksi, na baada ya muda unaanza kuona mafuta yanavuja bila kujua chanzo.

Sasa swali lako. Kama shafti na boksi bado vimekaa kwenye mstari kama vilivyotoka kiwandani, rudisha raba. Inapunguza mtetemo, ila haivumilii kupinda zaidi ya digrii chache. Chukua ile yenye pini za chuma ambazo raba ikikatika zinashikana na kuendelea kugeuza. Kipande cha tairi kilichotobolewa matundu manne si kopulingi, hata kikipendeza vipi. (Kama lori lako honi inapata ethi kupitia shafti, rudishia na ule waya mdogo unaoruka raba, usije ukamlaumu fundi umeme.)

Krosi ifunge pale penye pembe, kwa mfano kama boksi limebadilishwa. Jointi moja isivuke digrii 30 hivi. Hata hapo, shafti ya chini haiendi sawa na usukani: katika kila mzunguko hupungua mwendo kwa asilimia 13 na kuzidi kwa asilimia 15, mara mbili mbili. Jointi mbili zenye pembe sawa hufuta kasoro hiyo, mradi nira mbili (uma za jointi) za shafti ya kati zielekee upande mmoja. Ukifika jointi tatu, weka beringi ya kushikilia shafti katikati, la sivyo itayumba.

Kabla ya kununua, hesabu meno ya ncha ya shafti ambayo kopulingi huyavaa. Kuna shafti za inchi 3/4 zenye meno 30 na nyingine zenye meno 36. Kwa macho zinafanana. Kopulingi inayoingia kwa nyundo si yake. Bolti ya kubana lazima ilale ndani ya mfereji wa shafti, maana mfereji huo ndio unaoizuia kopulingi isichomoke hata bolti ikilegea. Na usikate ile sehemu ya shafti inayojikunja ajali ikitokea.

Kuna na wale ambao usukani ukicheza tu, mkono unakimbilia skrubu ya kurekebisha iliyo juu ya boksi. Wanakaza hadi meno ya ndani yanalika na usukani unagoma kurudi wenyewe, na kumbe kilichokuwa kinacheza ni kopulingi. Washa injini, mtu ausogeze usukani kidogo kushoto na kulia, wewe tazama juu na chini ya kopulingi. Juu ikigeuka kabla ya chini, ugonjwa uko hapo. Usipime injini ikiwa imezimwa: kijiti kinachofungua vali hujisokota kidogo, ukadhani boksi limekufa.

Na anayenunua lori lililotumika, kabla hajatazama rangi, afungue boneti afuate shafti ya stelingi kwa tochi hadi kwenye boksi. Akikuta mshono wa welding, bei ya shafti nzima pamoja na kopulingi zake iondolewe kwenye mapatano, na lori livutwe hadi gereji, lisiendeshwe.