Mnaoanza kubildi imeji za arm64, someni hapa kabla ya kunipigia simu usiku

Wadogo zangu, kila anapojiunga mtu mwenye laptopu mpya ya Apple najua kinachokuja. Atabildi imeji ya Docker (kifurushi cha programu na vyote inavyohitaji) kwenye M2 yake, ataisukuma kwa tagi ya `latest`, kisha seva zetu za Intel zitaanza kuanguka moja baada ya nyingine zikilia `exec format error`. Nikimuuliza, ananijibu: "Kaka, mbona kwangu inakubali?" Kwako, ndiyo. Wewe uko arm64 (prosesa za ARM, kama za Apple), seva iko amd64 (prosesa za Intel na AMD), na tagi ya jana umeshaifunika. Wiki hii imetokea tena, ndiyo maana naandika.

1. Bildini zote kwa mkupuo mmoja: `docker buildx build --platform linux/amd64,linux/arm64 --push`. Tagi inabaki moja, ndani yake kuna orodha ya imeji, kila mashine inavuta ya kwake. Kisha hakikisheni kwa `docker buildx imagetools inspect`. "Nadhani zimepanda zote" sitaki kuisikia.

2. Majina. Docker huita amd64 na arm64; kwenye Linux `uname -m` hujibu x86_64 na aarch64. Ni vilevile, ila skripti yako ya kupakua haijui hilo. Kuna kijana wetu alisahau `-f` kwenye `curl`, akahifadhi ukurasa wa 404, akaupa `chmod +x`, halafu akaja kuuliza kwa nini programu yake inaanza na `<html>`. Nampenda sana yule kijana. Na `ARG TARGETARCH` (jina la prosesa mnayoibildia) itangazeni baada ya `FROM`, ndani ya hatua inayoihitaji, la sivyo mtapata tupu.

3. QEMU, inayoiga prosesa nyingine, inakokota, kwa hiyo ikwepeni wakati wa kubildi. Wa Go, anzeni na `FROM --platform=$BUILDPLATFORM`, mpeni `GOARCH=$TARGETARCH`, na `CGO_ENABLED=0` kama hamna C; wa C wana `aarch64-linux-gnu-gcc`. Lakini kule kukokota kusiwafanye mfanye nilichofanya mimi.

Tulikuwa na kazi ya ghala la samaki huku pwani: vihisi vya joto kwenye vyumba vya barafu, kompyuta ndogo ya ARM ukutani, programu ya C niliyoiandika mwenyewe. Joto likipanda juu ya nyuzi -10, kengele ilie. Majaribio yalikuwepo, mazuri tu. Kwenye amd64 yaliisha upesi. Ya arm64, chini ya QEMU, yalikuwa yanachukua muda wa kwenda kula na kurudi. Mteja anasubiri. Nikayawekea alama ya maoni yasiendeshwe, nikaandika kando "nitarudisha". Mnajua sikurudisha.

Kihisi kilikuwa kinaleta joto kwa baiti moja, nami nikaipokea kwenye `char`, aina ya namba ya C yenye baiti moja. Kwenye Linux ya x86, `char` hubeba -128 hadi 127. Kwenye Linux ya ARM hubeba 0 hadi 255. Kwa hiyo -18 ya laptopu yangu, pale ukutani ilikuwa 238. Na mimi, kwa ujanja wangu, nilikuwa nimeweka kichujio: chochote kinachozidi 100 ni waya mbovu, kitupwe. Basi kila kipimo cha chini ya sifuri kilitupwa kimyakimya, na kioo kikaonyesha vistari viwili. Mlinzi aliviona tangu siku tulipofunga mtambo. Akadhani ndivyo unavyosema "salama".

Umeme ukakatika usiku, jenereta ikagoma. Joto likapanda -15, -9, -4, kengele kimya. Ilipofika sifuri ndipo programu yangu ilipopata namba ya kuiamini, ikalia kwa nguvu zake zote. Samaki walishaanza kuchuruzika. Nilifika alfajiri nikiwa na laptopu kwapani, nikaendesha programu mbele ya mwenye mali kwa baiti ya majaribio, ikasoma -18 bila kusita. Akaangalia laptopu, akaangalia sakafu iliyolowa, akaniangalia mimi. Hakutukana, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Dawa ilikuwa kuandika `int8_t`, ambayo hubeba hasi kila mahali, badala ya `char`. Mstari mmoja!

Na ninyi wa Mac msicheke. Apple kwenye ARM yao wameamua `char` ibebe hasi kama x86, kwa hiyo hata M2 yako, ukiiendesha programu moja kwa moja kwenye macOS, isingekuonyesha kosa hili. Majaribio ya arm64 yaendeshwe kwenye Linux ya arm64, hata kama ni QEMU, hata kama chai itapoa.

4. `-march=native`, inayobildi kwa prosesa ya mashine hiyo hiyo, isionekane kwenye CI (mashine zinazobildi na kujaribu zenyewe). Seva kuukuu itakufa kwa `Illegal instruction` ingawa nayo ni amd64 halali.

5. Raspberry Pi. Ile ya kwanza na Zero ya mwanzo ni ARMv6, wakati armhf ya Debian (toleo lake la ARM ya biti 32) inataka ARMv7, kwa hiyo "ni Pi tu, kaka" si jibu. Kuna na zile zenye kerneli ya biti 64 lakini programu zote za biti 32: `uname -m` itakwambia aarch64, utaweka faili ya arm64, na mfumo utakujibu kwamba faili haipo ilhali unaiona kwa `ls`. Hapo ulizeni `dpkg --print-architecture`.