Shangazi, nimwandikeje baba yangu?

"Shangazi, shikamoo. Baba yetu alifariki mwaka jana na familia imenichagua nisome wasifu wake siku ya kumbukumbu. Alikuwa mkulima, mtoto wa wakulima, hana cheo wala mali. Wengi wananiambia niandike tu kwamba alikuwa mtu mwema. Kaka yangu mkubwa hataki kusikia hilo. Anasema wema wa baba ndio uliomkatisha masomo, kwa kuwa ada yake ilikwenda kwa mtoto wa jirani. Sitaki kudanganya, na sitaki kumuudhi kaka. Nifanyeje?"

Marahaba, mwanangu. Poleni sana na msiba.

Nianze na kaka yako, maana anasema kweli. Mzazi akitoa kidogo alichonacho, watoto wake nao wametoa, ila wao hawakuulizwa. Waliosaidiwa walimshukuru baba. Je, kaka yako alishukuriwa na nani? Nenda kwake kabla hujaandika hata mstari mmoja, na usiende kumtetea marehemu. Muulize ilikuwaje siku alipoambiwa harudi shule, kisha nyamaza mpaka amalize. Halafu muombe ruhusa jambo hilo liingie kwenye wasifu: kwamba baba alisomesha mtoto wa mwenzake, na mwanawe wa kwanza akabaki nyumbani. Akikataa, liache. Akikubali, mtakuwa mmemtaja baba kwa ukweli, na kaka naye atakuwa ametajwa.

Ama hiyo "alikuwa mtu mwema", mimi ningeifuta. Husomwa kwenye kila msiba, hata wa mtu aliyewatesa wenzake. Mtafute huyo mtoto wa jirani, sasa ni mtu mzima. Muulize: baba alipoleta ile ada, alikuja saa ngapi? Aliketi au alisimama mlangoni? Fedha aliitoa mfukoni au ilikuwa imefungwa kwenye kitambaa? Alisema nini? Jibu moja la namna hiyo litawafanya hata wajukuu ambao hawakumwona wamfahamu. Watu wa aina ya baba yako hawatangazi wanachofanya, kwa hiyo usishangae ukisikia mambo ambayo hata mama yenu hakuyajua.

Waendee wazee kwanza, hasa ndugu zake waliozaliwa naye. Rekodi kwa simu, kwa idhini yao, maana maneno yenyewe husahaulika upesi. Chukua na picha za zamani, uulize nani ni nani, uandike majina nyuma taratibu kwa penseli. Wino hupenya ukaharibu picha.

Tarehe ya kuzaliwa isikusumbue. Wengi waliozaliwa vijijini zamani walikadiriwa tu mwaka walipokwenda kuchukua kitambulisho. Andika "yapata mwaka" fulani, au waulize wazee alizaliwa kabla au baada ya ukame gani, mafuriko gani, ndugu yupi.

Na usiandike kwamba hakuwa na cheo. Andika alichokijua: alivyochagua mbegu, alivyoshika udongo akasema bado, tusubiri.

Kurasa mbili za mwandiko wako zinatosha. Zisome kwa sauti ukiwa peke yako, uweke alama pale sauti inapokatika, na ndugu yako mmoja awe na nakala ili aendelee ukishindwa. Ile aya ya ada, kaka akiikubali, mpe aisome yeye.