Kabla ya kulipa ada ya tuzo, uliza nani ataonja

Mhariri,

Wiki iliyopita mliuliza kama kushindania tuzo za biashara kunamsaidia mfanyabiashara mdogo kujitangaza, au ni fedha inayoishia kwa waandaaji. Mliweka na barua ya dada wa Kigoma anayetengeneza sabuni ya mawese, ambaye ametakiwa kulipa kiingilio na hajui alipe au aache. Barua ile nimeisoma mara mbili, kwa sababu yanayomsumbua sisi tumeyapitia. Jibu langu ni kwamba kushindana kunafaa, ila faida haiko pale wengi wanapoitafuta.

Sisi ni akina mama 14 wa Tabora mjini. Tunanunua asali kwa warina wa Sikonge, tunachuja, tunapakia na kuuza. Miaka ya mwanzo wateja wetu walikuwa majirani na abiria wa mabasi. Tulipoamua kuingia shindano la wasindikaji wadogo wakati wa Nanenane, viwanja vya Ipuli, tulichokitamani ni kikombe cha kuweka mbele ya banda.

Ila kwanza kulikuwa na fomu. Iliuliza mwaka jana mmeuza kilo ngapi, mteja wenu mkubwa ni nani, na chupa moja inawagharimu kiasi gani hadi kumfikia mnunuzi. Hatukuwa na jibu hata moja. Tulikesha na madaftari siku nne nyumbani kwa mwenyekiti wetu, mmoja anasoma, mwingine anajumlisha. Ndipo tukagundua kwamba chupa ya nusu kilo, ile tuliyoisifu kwa kutoka haraka, ilikuwa inatutia hasara. Chupa tupu zinatoka Dar es Salaam, zina nauli, zina zinazovunjika njiani, halafu kuna lebo. Bei tulikuwa tumeiiga kwa muuzaji mwingine pale sokoni, hatukuwahi kuipigia hesabu. Tuliibadilisha wiki ile ile, kabla hata jaji hajafika.

Shindano tulishindwa. Jaji aliweka tone la asali yetu kwenye kioo cha kipima unyevu, akanipa nisome mwenyewe: asilimia 22. Kiwango cha kimataifa cha asali ya kawaida hakiruhusu kuzidi asilimia 20, maana maji yakizidi hapo hamira hupata nguvu na asali huchacha. Akaniuliza kama warina wetu wanakata masega ambayo nyuki hawajayafunika kwa nta. Wanakata. Nililia siku ile. Lakini nilirudi nyumbani najua kwa nini mteja wetu wa Nzega aliturudishia ndoo mbili zilizojaa povu, na sisi tukamlaumu kwamba hajui kuhifadhi. Baadaye nilimpigia kumwomba radhi.

Msimu uliofuata tulikwenda Sikonge wenyewe, tukakubaliana na warina kuongeza bei kidogo kwa masega yaliyofunikwa tu. Tukanunua na kipima unyevu chetu. Nanenane ile tukapata nafasi ya pili, kwa asali ya asilimia 18.

Cheti wengi hukitia kwenye fremu, kikamalizia maisha yake ukutani. Sisi tulikipiga picha, na kabla mabanda hayajabomolewa tukaituma kwa maduka na hoteli za Mwanza na Dodoma pamoja na maneno machache: asali ya miombo ya Tabora, imepimwa unyevu na majaji wa Nanenane, asilimia 18. Hoteli moja ya Mwanza ilipiga simu. Mnunuzi wao hakuuliza habari za kikombe. Aliuliza nani alipima na alipima nini, na kwa mara ya kwanza tulikuwa na la kumjibu. Tangu hapo mzigo wetu umepanda kutoka ndoo tatu kwa mwezi hadi 11. Kampuni ya supu ya Campbell ya Marekani ilipata medali ya dhahabu kwenye maonyesho ya Paris mwaka 1900, ikaichora kwenye lebo ya kopo, na ikakaa hapo zaidi ya miaka 100. Sisi nafasi yetu ya pili tumeichapa kwenye lebo, mwaka ukionekana wazi.

Sasa lile lililotuumiza. Mwaka juzi tulipokea ujumbe kwamba tumechaguliwa washindi wa tuzo ambayo hatukuwahi kuiomba. Tulitakiwa kulipa shilingi 900,000 za meza ya ukumbini na kikombe. Tulilipa, fedha za chupa za msimu mzima. Hakuna aliyeionja asali yetu, hakuna aliyetuuliza hata inatoka wilaya gani. Yule mnunuzi wa Mwanza nilipomtajia tuzo ile, aliuliza swali lake lile lile, nikakosa la kusema.

Hata wakubwa wamelazimika kulitazama jambo hili. Kwenye mkutano wa dunia wa wafugaji nyuki uliofanyika Copenhagen mwaka 2025, waandaaji waliamua kutotoa zawadi ya asali, kwa sababu hawakuwa na namna ya kuhakikisha vya kutosha kwamba kila asali inayoletwa haijachakachuliwa. Niliwaheshimu sana. Zawadi ambayo mtoaji wake hawezi kusema amepima nini, mshindi ataitetea vipi mbele ya mteja?

Kwa hiyo, dada wa Kigoma, usianze na kiasi cha ada. Waulize hao waliokuandikia watapima nini kwenye sabuni yako, kama kostiki iliyobaki, ile dawa kali ya kutengenezea sabuni, inapimwa, na kama utarudishiwa matokeo kwa maandishi hata ukishindwa. Wakikujibu vizuri, lipa, na fomu yao uijaze kwa ukweli hata ikikuchukua wiki nzima. Wakikujibu habari za ukumbi na chakula cha jioni, fedha hiyo nunulia mawese. Na Agosti panda treni uje Ipuli, maana Kigoma na Tabora uwanja wetu wa Nanenane ni mmoja. Utanikuta upande wa wasindikaji, kipima unyevu kiko mezani na kila mteja anaruhusiwa kusoma mwenyewe.

Msomaji wenu,
Tabora