Uwanja mmoja mkubwa au viwanja vinne vya kawaida?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa michezo, nimo kwenye kamati ya mkoa wetu inayojiandaa kuomba uenyeji wa michezo ya shule za sekondari za Afrika Mashariki. Tunakadiria wageni 3,000 na siku 9 za mashindano. Soka tumeweka timu 16 za wavulana na 12 za wasichana, na kuna riadha, netiboli, wavu, kikapu, mpira wa mikono na kuogelea. Tuna uwanja mmoja wa mkoa na kingine cha shule. Nusu ya kamati inataka fedha zote ziende kwenye jukwaa na tartani (sakafu ya raba ya kukimbilia) ya uwanja wa mkoa. Halafu kuna ubishi mwingine: fundi aliyetuchorea njia za mbio kwa chokaa anasema ni mita 400, mwalimu mwenzangu kapima kapata karibu 402. Nani mkweli, na tuanzie wapi?

JIBU: Mwalimu, nianze na la fundi maana hilo lina jibu la hesabu. Nadhani wote wawili wana utepe mzuri, ila kila mmoja kaupitisha mahali pake.

Mkimbiaji hakimbii juu ya mstari, hukimbia pembeni yake. Kwa hiyo urefu wa njia ya 1, ile ya ndani kabisa, haupimwi kwenye mstari wenyewe. Uwanja wenye ukingo ulioinuka, unapima sentimita 30 nje ya ukingo huo. Uwanja usio na ukingo, wenye mstari tu kama wenu, unapima sentimita 20 nje ya mstari. Fundi, kwa ninavyoona, kapata mita 400 juu ya chokaa. Mwenzako kasogea sentimita 30, na kwenye mzunguko mzima hizo sentimita 30 huongeza mita 1.88. Ndiyo ile 402 yake. Lakini naye katumia kipimo cha uwanja wenye ukingo. Kwa chokaa ni sentimita 20, kwa hiyo wanariadha wenu sasa wanakimbia mita 401.26.

Dawa yake ni rahisi: futeni mstari wa ndani, uingizeni ndani kwa sentimita 20 kuzunguka uwanja wote, kwenye kona na kwenye sehemu zilizonyooka, kisha njia nyingine zifuate kwa upana wa mita 1.22 kila moja. Tumieni utepe wa chuma. Ule wa kitambaa hurefuka ukivutwa, na mkiwa wawili mnaovuta kwa nguvu tofauti mtagombana bure.

Na kuna mtego mmoja ambao nimeuona ukinasa watu wazoefu. Majedwali mengi ya mahali pa kuanzia mbio za mita 400 yanasema njia ya 2 isogezwe mbele mita 7.04, kisha kila njia inayofuata iongezewe 7.67. Jedwali hilo ni la uwanja wenye ukingo. Kwenu, bila ukingo, ni 7.67 tangu njia ya 2. Mkinakili jedwali bila kulisoma, wa njia ya 2 mpaka ya 8 wote watakimbia sentimita 63 zaidi ya yule wa njia ya 1, na kocha mmoja mwenye macho atawawekea rufaa.

Sasa la fedha. Watu wengi wakisikia uenyeji huwaza uwanja mkubwa wa Kasarani, kwa sababu Nairobi ilipoandaa Michezo ya Afrika mwaka 1987 ndiyo alama iliyobaki. Michezo ya shule ni kitu kingine. Miaka ya karibuni imekwenda Arusha (2019 na 2022), Huye kule Rwanda (2023), Bukedea na Mbale Uganda (2024), Kakamega Kenya (2025). Si miji mikuu hata mmoja. Kinachohitajika ni nafasi nyingi za kuchezea zilizo karibu karibu, na mahali pa kulaza watoto. Jukwaa linajaa siku ya ufunguzi na siku ya fainali.

Fanyeni ratiba ya soka kabla ya kumwita mkandarasi yeyote. Timu 16 za wavulana kwenye makundi manne ya timu nne ni mechi 24, na mtoano, pamoja na mshindi wa tatu, ni mechi 8. Wasichana 12 kwenye makundi manne ya timu tatu ni mechi 12, na mtoano 8. Jumla 52. Uwanja wa nyasi asilia mimi siupi zaidi ya mechi mbili kwa siku ikiwa nataka ufike fainali ukiwa bado uwanja. Kwa viwanja vyenu viwili ni mechi nne kwa siku, yaani siku 13. Mna 9.

Jaribuni hivi: makundi yaishe siku ya 5. Mechi 36 kwa siku tano ni saba au nane kwa siku, ndiyo viwanja vinne. Robo fainali siku ya 6, siku ya 7 muiache wazi kwa mapumziko na kwa mvua, nusu fainali siku ya 8, fainali siku ya 9. Hata hapo wanaofika fainali watacheza siku mbili mfululizo, jambo ambalo silipendi kwa watoto. Mkiweza kuiomba siku ya 10, iombeni.

Kwa hiyo jibu langu kwa ile nusu ya kamati ni viwanja viwili zaidi, vya shule jirani, visawazishwe, vipandwe nyasi mapema, viwekewe magoli imara na choo. Tartani nzuri ni mali, sikatai, lakini haichezewi netiboli. Mkibakiwa na fedha, mwageni sakafu moja ya mita 40 kwa 20 yenye nafasi ya kutosha pembeni. Hicho ndicho kipimo cha mpira wa mikono, na ndani yake mnaweza kuchora kikapu (28 kwa 15) na netiboli (30.5 kwa 15.25) kwa rangi tofauti. Bwawa, lipimeni wenyewe kwa utepe kabla hamjaliandika kwenye ombi. Likipungua sentimita chache, muda wowote utakaoogelewa humo hautambuliki.

Jambo ambalo hukuuliza ni maji, na ndilo lililonitoa jasho kuliko yote. Mimi huhesabu lita 60 kwa mtu kwa siku, kunywa, kupika, kuoga na kufua jezi. Wageni 3,000 ni lita 180,000, sawa na safari 18 za boza (lori la maji) la lita 10,000 kila siku. Kamati nyingi zikifika hapo hununua matanki, zikapumua. Kwenye mashindano fulani niliyosaidia kuendesha, matanki yalikuwa yamejaa pomoni. Bweni moja lilikuwa na wasichana 120 na mabomba manne. Wote wanarudi viwanjani saa kumi na moja na nusu jioni, kila mmoja na ndoo ya lita 20. Bomba lilitoa lita 6 kwa dakika. Fanya hesabu: ni dakika 100 mpaka ndoo ya mwisho ijae, na jikoni walikuwa wanafunga saa moja kamili. Timu ya netiboli iliyochelewa kurudi ililala na biskuti. Tangu siku hiyo nikikagua bweni siulizi tanki lina ukubwa gani. Nafungua bomba, naweka ndoo, natazama saa.

Mabweni yenyewe, hakikisheni yatakuwa matupu. Mihula ya nchi zetu haifanani, na michezo hii kwa kawaida huwa Agosti. Shule mwenyeji ikiwa na wanafunzi wake darasani wiki hiyo, mnagombania vitanda na masufuria.

Mwisho, kwa kuwa uwanja wa mkoa utabeba riadha na soka: mkuki na mpira haviwezi kuwa uwanjani kwa wakati mmoja, na mkuki huacha mashimo. Warushe asubuhi, imalizike kabla ya saa nne, kisha watu wanne wenye ndoo za mchanga wapite eneo lote la kutulia mkuki wakiziba tundu moja moja kabla wachezaji hawajaingia kupasha misuli saa nane.