Uwatu Hautibu Titi Lenye Moto

Juzi usiku, saa tano kasoro, nimeingia kitandani, ujumbe ukaingia: "Dada, leo siku ya tisa tangu nijifungue. Titi la kushoto limevimba, lina moto, natetemeka. Naomba ile pakiti ya uwatu na mlonge, nalipa kwa simu sasa hivi."

Mnaonifuata mnajua biashara yangu: nauza dawa za asili za kina mama waliojifungua, kama hiyo ya kuongeza maziwa. Kabatini nilikuwa na pakiti kumi na moja, na kodi ya fremu inanisubiri. Sikumtumia. Nilimpigia, nikamwambia amwamshe mumewe, watafute bajaji, waende hospitali usiku ule ule. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwa hiyo dawa zenu hazifanyi kazi?"

Swali hilo limenikaa kooni siku mbili. Ngoja nimjibu hapa, maana kwenye simu nilibabaika.

Mwaka 2017 nilijifungua mtoto wa kwanza, tukiwa tumepanga vyumba viwili Tabata. Mama yangu alitoka Tanga na kikapu: uwatu, tangawizi kavu, pilipili manga, habasoda, kanga mbili kuukuu za kunifunga tumbo. Mama mkwe naye akashuka kutoka Machame na mkungu wa ndizi na mifupa ya ng'ombe ya mtori. Wanawake wawili, jiko moja. Asubuhi mmoja ananinywesha uji wa pilipili manga, saa nne mwingine ananiletea bakuli la mtori uliopondwa mpaka mwiko unasimama. Mimi kazi yangu kumeza. Mpaka leo nikisikia harufu ya uwatu uliolowekwa usiku kucha nakumbuka zile siku, maana jasho langu lilinuka uwatu, na kichwa cha mtoto kilinuka uwatu.

Nisiwadanganye, nililelewa kimalkia. Alfajiri mama alikuwa akinikanda kwa kitambaa na maji ya moto, kiuno na mgongo, huku anasema na mimi polepole habari za watu wa Ngamiani. Sikufua nepi hata moja siku nane. Hakuna kidonge kilichowahi kunipa usingizi kama ule mkono wake.

Siku ya saba nilitakiwa kliniki. Nyumba nzima ikakataa: mzazi hatoki ndani kabla ya arobaini, atapigwa na upepo. Nami nikaona raha, nani anataka kupanda daladala na mshono? Chuchu ya kushoto ilikuwa imechanika, nikapaka mafuta ya nazi, nikaendelea.

Siku ya kumi titi likawaka. Mama akasema ni homa ya maziwa, itapita. Akatoa kitana cha mbao. Wanawake wa pwani mnakijua kile kitana. Alikipasha moto, akaanza kunichana titi kutoka juu kuja kwenye chuchu, "teremka, teremka", mimi nimeng'ata pindo la kanga. Mara tatu kwa siku, siku tatu. Uwatu ukaongezwa, kikombe kikawa vikombe vinne, kwa sababu kwenye kundi la familia wifi yangu alishaandika, "Huyo hana maziwa, mtoto analia sana." Niliisoma mwenyewe ile meseji saa tisa usiku, natetemeka kwa homa. Wifi, kama unasoma hapa, maziwa yalikuwepo. Yalikosa pa kutokea.

Na uwatu huenda ulikuwa unaongeza kuni. Titi limeziba, halitoi, halafu unakunywa kitu kinachoaminika kulijaza zaidi! Ngozi ilikuwa imetanuka inang'aa kama nyanya iliyoiva kupita kiasi, na sehemu moja pembeni ilikuwa laini, ukibonyeza inabonyea.

Hospitali nesi aliniangalia mistari ya kitana akauliza, "Nani kakuchuna hivi?" Kwa sauti ya wodi nzima. Mama yangu alikuwa amesimama pale pale na chupa ya uji. Jipu lilipasuliwa, usaha ukatoka wa kujaza kikombe cha chai. Daktari akanieleza kwamba bakteria waliingia kwenye ule mpasuko wa chuchu, maziwa yaliyotuama yakawapa chakula, na kitana kiliumiza nyama ya ndani. Tungewahi siku ya kwanza ya homa, ningepewa antibayotiki za kumeza huku nanyonyesha, nirudi nyumbani kwenye mtori wangu.

Kwa hiyo wadada, nisikilizeni. Homa baada ya kujifungua ni hospitali. Titi likijaa, mnyonyeshe mtoto mara nyingi, mara nane mpaka kumi na mbili kwa siku, usiku na mchana. Likamue taratibu kwa mkono, weka kitambaa cha baridi. Jani la kabichi lililotoka kwenye friji lilinipoza sana kwa mtoto wa pili. Kitana kichane nywele. Lakini homa ni hospitali.

Uwatu kunyweni mkitaka, mimi nauuza na sioni aibu. Wataalamu wenyewe hawajakubaliana kwamba unaongeza maziwa kwa kila mtu, na mwenye kisukari awe mwangalifu, unashusha sukari. Kinachoita maziwa kwanza ni mdomo wa mtoto.

Wale mnaoniandikia kila wiki kutaka "dawa ya kusafisha kizazi", siuzi na sitauza. Najua wenzangu wanajenga nyumba kwa biashara hiyo. Kizazi kinajisafisha: damu ya uzazi inatoka nyekundu, inapauka, inakuwa nyeupe-nyeupe, mpaka wiki ya sita hivi. Ukiingiza vidonge vya unga huko ndani wakati mlango bado haujafunga vizuri, unajitafutia maambukizi. Damu ikizidi ghafla, ikinuka vibaya, kichwa kikikuuma huku unaona maruweruwe, usimtafute muuza dawa za asili yeyote, hata mimi. Hicho kichwa na maruweruwe huenda ni dalili ya kifafa cha mimba, na kinampata hata aliyekwisha kujifungua. Na kukandwa, mwenye mshono wa tumbo maji ya moto yasiguse kidonda.

Wakina mama wakwe, pikeni mtori. Fueni nepi. Mkandeni mtoto wa watu kiuno alale. Hiyo ndiyo tiba asili, na haina bei. Ila siku ya saba mvalisheni kanga, mmpeleke kliniki, upepo hautampiga.

Mama yangu hatujawahi kuliongelea lile jipu. Kwa mtoto wa pili alikuja tena na kikapu kile kile, kitana hakimo. Siku ya saba aliamka kabla yangu, akambeba mtoto mpaka kituoni.

Yule dada kaniandikia jana mchana. Kapewa dawa, homa imeshuka, anauliza kama pakiti bado ipo. Ipo. Nimemwambia amalize vidonge vyake kwanza.