Kabla hujaishusha alteneta: kwa fundi umeme wa magari anayeanza

Mteja akileta Corolla ya mwaka 1996 na kusema "haichaji", mafundi wengi wanaoanza hushika spana kabla ya kushika mita. Nawaomba mwanze na mita. Kwenye gari la umri huo alteneta ni sehemu moja tu ya mzunguko wenye betri, mkanda, fyuzi, nyaya, ethi na swichi, na vyote vimezeeka pamoja. Ukiishusha bila kupima, mteja atatumwa kwenye soko la vipuri, Gerezani ya Dar es Salaam au Grogan ya Nairobi, kununua ya mtumba, utaifunga, na baada ya wiki atarudi na ugonjwa uleule. Hela aliyotoa inaweza kuwa ada ya mtoto. Mimi naamini alteneta ndiyo ihukumiwe mwisho, vingine vyote vikishajitetea.

Anza kwa kumhoji mwenye gari. Taa ya betri kwenye dashibodi huwaka vipi? Ikiwaka kwa nguvu muda wote, mara nyingi chaji haipo kabisa. Ikiwaka kwa kufifia na mwanga wake ukabadilika anapokanyaga mafuta, anza kuzishuku diodi, yaani vipande ndani ya alteneta vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, au waya uliolegea. Je, tatizo lilianza baada ya kuosha injini? Wapo waoshaji wanaopuliza maji ya presha moja kwa moja kwenye alteneta, na maji yale huingiza tope mpaka kwenye kaboni, zile brashi zinazopeleka umeme kwenye rota, sehemu inayozunguka ndani. Au lilianza baada ya injini kushushwa na kurudishwa? Hapo waya wa ethi kati ya injini na bodi huenda ulisahauliwa, au ulifungwa juu ya rangi na kutu. Na kwenye Toyota nyingi za miaka ile, taa ya betri na ya breki ya mkono zikiwaka pamoja kwa kufifia, usikimbilie breki. Angalia chaji kwanza.

Kisha betri. Ipime gari likiwa limelala usiku kucha, au washa taa kubwa kwa dakika moja, zizime, ndipo upime. Volti 12.6 ni betri iliyojaa, 12.2 ni nusu, na chini ya 12 ni tupu. Betri tupu ichajiwe kwa chaja kabla hujaendelea na lolote, kwa sababu betri yenye seli iliyokufa itaifanya hata alteneta nzima ionekane mbovu. Hili wengi hawalijui: kazi ya alteneta ni kurudisha kile stata ilichotumia na kubeba mzigo wa umeme wa gari. Haikutengenezwa kufufua betri. Ukimbusti mteja, yaani ukiliwasha gari lake kwa umeme wa betri nyingine, na kumwacha asafiri mbali na betri tupu, alteneta italazimika kutoa ampea nyingi kwa muda mrefu, itapata moto, na diodi zinaweza kuungua njiani.

Betri ikiwa sawa, washa injini. Kwenye nguzo za betri mita isome kati ya volti 13.8 na 14.5. Usifurahi bado. Washa taa kubwa, AC, wipa, feni ya ndani na joto la kioo cha nyuma, kisha pandisha injini mpaka mizunguko kama 2000 kwa dakika. Ikishuka chini ya 13.2 na kubaki hapo, kuna udhaifu. Alteneta nyingi za magari haya madogo ni za ampea 60 hadi 80, na hizo ni kwa mzunguko wa juu. Gari likiwa sailensi, yaani injini inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, hupatikana sehemu tu. Ndiyo maana gari linaweza kuonekana zima gereji asubuhi na kuzimika kwenye foleni ya jioni, feni ya rejeta ikizunguka na taa zikiwaka. Upande wa pili, mita ikipita volti 15, regyuleta, ambayo wengi bado huiita katauti, haidhibiti tena, au waya wake wa kupimia betri una hitilafu. Mteja wa namna hii hatakwambia habari za chaji. Atalalamika kwamba balbu zinaungua kila mara na betri inakauka maji.

Sasa nasema jambo ambalo nalichukia kwa moyo wote: kung'oa waya wa betri injini ikiwa inaunguruma ili kuona kama gari litazima. Mtindo huo umebaki tangu enzi za dainamo. Betri ndiyo inayotuliza umeme wa gari. Ukiiondoa ghafla alteneta ikiwa inachaji, volti zinaruka mara kadhaa juu ya 14, na mshtuko huo unaweza kuua diodi, regyuleta na kompyuta ya injini kwa mara moja. Gari likiendelea kuunguruma utadhani umethibitisha uzima, kumbe huenda umeacha jeraha litakaloonekana baadaye. Fundi mkubwa akikwambia ufanye hivyo, mwombe kwa heshima akuruhusu utumie mita.

Kipimo ambacho kimeniokolea wateja wengi gharama ni cha volti zinazopotea njiani. Injini ikiwa inaunguruma na mizigo imewashwa, weka ncha moja ya mita kwenye nati ya waya mnene nyuma ya alteneta, ile yenye herufi B, na nyingine kwenye nguzo chanya ya betri. Mita isizidi volti 0.2. Kisha weka ncha moja kwenye mwili wa alteneta na nyingine kwenye nguzo hasi. Hapo pia isizidi 0.2. Ukiona nusu volti au zaidi, umempata mwizi: waya ulioliwa na kutu ndani ya plastiki, nati iliyolegea, au terminali ya betri yenye unga mweupe. Ukiona alteneta inatoa 14 na zaidi lakini betri imebaki na 12 na kitu, kagua fyuzi kubwa iliyoandikwa ALT kwenye boksi la chini ya boneti. Ikiwa imekatika, jiulize nani aliikata. Mara nyingi ni mtu aliyebusti kwa kugeuza chanya na hasi, na hapo diodi nazo zikaguliwe.

Mkanda hauhitaji maneno mengi. Ukipiga kelele asubuhi yenye unyevu au taa zinapowashwa, unateleza. Ubonyeze kwa dole gumba katikati. Ukizama sana zaidi ya sentimita moja, kaza. Ukiwa na oili, badilisha na utafute oili inatoka wapi.

Alteneta za Denso zilizo kwenye Toyota nyingi za miaka ya 1990 zina plagi ya nyaya tatu: IG, S na L. Chomoa plagi, injini ikiwa imezimwa, na uipime. S iwe na volti za betri wakati wote. IG iwe nazo swichi ikiwa on. Isipokuwa nazo, tafuta fyuzi ndogo iliyokatika ndani ya gari, na utakuwa umetengeneza chaji kwa bei ya fyuzi. L ukiigusisha ethi, swichi ikiwa on, taa ya betri iwake. Taa isiyowaka kabisa swichi ikiwa on pia ni ugonjwa, kwani kwenye alteneta nyingi za zamani umeme wa kuiamsha hupitia kwenye balbu hiyo.

Haya yote yakiwa sawa na chaji bado hakuna, sasa unayo haki ya kuishusha. Ondoa kwanza hasi ya betri, kwa sababu nati ya B ina umeme hata gari likizimwa, na spana ikigusa bodi itatoa cheche na kukuunguza.

Ndani, anza na kaboni. Kwenye Denso hizi kaboni mpya huchomoza milimita 10.5, na ikifika 1.5 imekwisha. Dalili yake huonekana hata kabla ya kufungua: ukigonga alteneta taratibu kwa mpini wa mti, chaji hurudi kidogo kisha hupotea. Kaboni huuzwa peke yake na huchomelewa kwa risasi, kwa hiyo usikubali mteja anunue alteneta nzima kwa ajili yake. Ringi za shaba za rota, zile zinazosuguliwa na kaboni, zikiwa nyeusi zisafishe kwa msasa laini sana. Zikiwa zimechimbika mfereji, kaboni mpya haitadumu. Pima rota kati ya ringi mbili: kwenye nyingi za aina hii utapata karibu ohmu 3. Kati ya ringi na shafti ya chuma kusiwe na njia kabisa.

Diodi zipimwe kwa alama ya diodi kwenye mita: zipitishe upande mmoja, zigome upande mwingine. Ile mita ndogo ya njano inayopendwa na wanafunzi inafaa kwa hilo, lakini usiitegemee kutafuta umeme wa AC (ule unaogeuka-geuka upande, si kiyoyozi) unaovuja kwenye betri, maana kipimo chake kidogo kabisa cha AC ni cha volti 200 na wewe unatafuta nusu volti. Kama huna mita nzuri zaidi, muulize mwenye gari kama betri hufa usiku, kisha asubuhi, kabla halijawashwa, gusa alteneta kwa mkono. Ikiwa na joto, kuna diodi inayovujisha.

Hiace na Hilux za dizeli, zile za injini ya 2L, 3L na 5L, zina jambo lake. Nyuma ya alteneta kuna pampu ya vakyumu, yaani ya kufyonza hewa, inayosaidia breki, na pampu hiyo hulainishwa kwa oili ya injini. Sili ikichoka, oili huingia kwenye kaboni na chaji hufa. Ukibadilisha kaboni na kuiacha sili, kazi utairudia. Unaporudisha, tia oili kidogo kwenye pampu, kaza mipira yote, na usimkabidhi dereva gari kabla hujapima breki: injini ikiwa imezimwa, kanyaga pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu, ishikilie hapohapo, kisha washa. Pedali ikishuka kidogo chini ya mguu wako, vakyumu ipo. Isiposhuka, gari halitoki gereji.