Wikendi ya mechi: majibu kwa maswali yenu

Ratiba inaonyesha timu yangu itacheza Jumamosi saa tisa alasiri huko Uingereza. Nikate tiketi ya ndege sasa hivi?

Subiri kidogo, ndugu yangu. Tarehe zinazotoka kabla ya msimu kuanza ni za muda tu. Mechi nyingi za Ligi Kuu hupangwa kwanza saa hiyo ya Jumamosi, halafu vituo vya televisheni huchagua zao na kuzisogeza hadi Ijumaa usiku, Jumapili, hata Jumatatu. Timu ikiingia fainali ya Kombe la Ligi, mechi yake ya ligi ya wikendi hiyo huondolewa kabisa na kupangiwa siku nyingine. Nauli ya bei rahisi isiyobadilishika ndiyo inayowaliza watu hapo.

Kama likizo yako haingoji, fika Ijumaa mchana na uondoke Jumanne. Au fikiria Ujerumani: mzunguko mmoja wa Bundesliga, ligi kuu ya huko, huchezwa Ijumaa hadi Jumapili, na mechi nyingi huwa Jumamosi saa tisa na nusu alasiri. Kwa mtu mwenye siku mbili tu, mimi humwelekeza huko bila kusita. Tena tiketi za mechi kwa klabu nyingi za huko hukuruhusu kupanda treni na basi za mji siku hiyo bila kulipa zaidi.

Mtu mtandaoni ananiuzia tiketi mbili. Nimwamini?

Hapana. Kwa sheria ya Uingereza ya mwaka 1994, kuuza tena tiketi ya mpira bila idhini ni kosa la jinai, na klabu ikigundua huifuta. Unaweza kufika mlangoni, ukaweka simu kwenye mashine, na geti lisifunguke. Jiunge na uanachama wa klabu kwanza, kisha fuatilia ukurasa wake rasmi ambako wenye tiketi za msimu huachia viti vyao. Viti huibuka hata siku chache kabla ya mechi, kimoja kimoja, kwa hiyo mnaosafiri wawili kubalini kukaa mbalimbali. Italia tiketi hubeba jina la mtazamaji na mlangoni huulizwa kitambulisho, basi majina yaandikwe kama yalivyo kwenye pasipoti.

Ukikosa kabisa, usivunje safari. London ina timu nyingi za madaraja ya chini na za wanawake, na huko kiti hupatikana kwa urahisi zaidi.

Nilale karibu na uwanja?

Lala katikati ya mji. Allianz Arena, kwa mfano, uko pembezoni kaskazini mwa Munich, na treni ya U6 inakufikisha Fröttmaning, kituo cha uwanja.

Mume wangu ndiye shabiki, mimi mpira haunivutii. Nitafanya nini siku mbili?

Dada, chagueni mji kabla ya kuchagua mechi, na wewe uwe na sauti katika uchaguzi huo. Mechi ya dakika 90 humeza karibu nusu siku ukihesabu njia, ukaguzi na msongamano wa kutoka, lakini saa zinazobaki ni zenu wote. Mkienda Milan, yeye ana uwanja wa San Siro, wewe una “Karamu ya Mwisho”, mchoro wa ukutani wa Leonardo da Vinci. Watu huingia kuutazama kwa makundi madogo, kila kundi dakika 15, na nafasi huisha mapema sana. Tiketi yake muinunue siku ileile mnayotafuta tiketi za mechi. Haki yako isingoje masalio ya ratiba yake.

Naweza kutembezwa ndani ya uwanja siku ya mechi?

Mara nyingi haiwezekani, au ziara hufupishwa. Ifanye siku moja kabla au baada.

Nimepata kiti upande wa wenyeji, ila nashangilia wageni. Nivae jezi?

Iache hotelini. Walinzi wana haki ya kukutoa, na bao likiingia itakubidi utulie kitini. Begi kubwa liache pia. Viwanja vingi vya Uingereza havipokei linalozidi ukubwa wa karatasi ya A4.

Halafu ingia mapema, saa nzima kabla. Makipa hutangulia kutoka kupasha misuli, jukwaa likiwa bado nusu tupu, na kutoka viti vya chini unasikia kabisa mpira unavyogonga glavu. Televisheni haikuonyeshi hilo.